Haki Isiyosikika

Mwaka 1988 kundi la Metallica lilitoa albamu iitwayo ...And Justice for All, yaani haki kwa wote. Haki hiyo haikumfikia Jason Newsted, mrithi wa Cliff Burton aliyefariki katika ajali ya basi nchini Sweden mwaka 1986. Newsted alipiga gitaa la besi studioni. Sauti zilipochanganywa, lake likashushwa hata halisikiki. Watetezi hujibu kwamba nakala ziliuzwa kwa mamilioni. Lakini soko si mahakama. Toleo jipya la 2018 liling'arishwa, besi ikaachwa vilevile, eti kwa kuheshimu historia. Kuihifadhi dhuluma si kuiheshimu historia. Anayeimba kushutumu mahakama zilizonunuliwa hana budi kwanza kumtendea haki mwenzake.