"Tutarekebisha kwa Kompyuta" ni Uongo

Kila mpiga video wa sherehe ana wimbo mmoja: "Usijali, sauti tutarekebisha kwa kompyuta." Mimi ndiye hukalia hiyo kompyuta, na nasema wazi: mnadanganywa, tena mkilipa.

Juzi nililetewa video ya ruracio. Shosho anawabariki wajukuu, kamera iko mita kumi kutoka kwake, imesimamishwa kando ya spika ya didjei. Maikrofoni ya kamera imeimeza spika yote. Sasa, sauti ya kidijitali ikizidi desibeli sifuri, vilele vya mawimbi hukatwa, na kilichokatwa hakikurekodiwa popote. Nikirudishe kutoka wapi? Nikipunguza sauti, mkwaruzo unabaki. Nikipitisha programu ya kuondoa kelele, Shosho anaongea kama yuko ndani ya mtungi, maana kelele imekaa palepale yalipokaa maneno yake.

"Basi weka gospo juu," mpiga video akaniambia. Hiyo ndiyo dawa yao. Baraka inageuka mdomo unaochezacheza chini ya kinanda. Nilikataa.

Na si ati vifaa ni ghali. Simu yoyote yenye rekoda, iwekwe mfuko wa sweta ya Shosho, mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili baadaye nioanishe sauti na picha. Basi.

Kwenye hiyo video naona wageni wamemzunguka, simu juu. Nimeomba namba zao. Huenda mmoja alikuwa karibu.