Kikorea Bila Ngazi ya Kiingereza

Wako vijana katika mitaa ya Eastlands, toka Kaloleni na Jericho mpaka Umoja na Kayole, wanaojifunza Kikorea. Baadhi yao wamevutwa na nyimbo na tamthilia. Wengine wanatamani kusoma ng'ambo. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kauli waliyoimeza bila kuitafuna: kwamba Kikorea hakifikiki ila kwa ngazi ya Kiingereza. Kauli hiyo si kweli, tena ina hasara.

Serikali ya Korea Kusini huwafadhili wanafunzi wa nchi za kigeni. Kwa kawaida mwaka wao wa kwanza ni wa lugha tupu, na yawapasa kufikia daraja la 3 kati ya madaraja 6 ya mtihani wa Kikorea kabla ya kuanza shahada. Mwaka ni mfupi. Anayelitafsiri kila neno mara mbili, kwanza kwa Kiingereza na kisha kwa fikira zake, hutupa siku asizokuwa nazo.

Na tuitazame lugha yenyewe. Shule kwa Kikorea ni hakgyo. Kusoma shuleni, hiyo "shuleni" ni hakgyoeseo. Alama ya mahali hufuata nyuma ya neno, kama -ni yetu. Kiingereza huitanguliza mbele. Kula ni meokda, kulisha ni meogida. Kukamata ni japda, kukamatwa ni japhida. Mtoto wa Kiswahili haoni ajabu kitenzi kikibadilika mwilini mwake namna hiyo, kwa kuwa amekinyambua tangu utotoni.

Heshima je? Mkorea hubadili mwisho wa kitenzi kwa kadiri ya umri na cheo cha anayesema naye. Wanafunzi wengi wa Kizungu hutaabika hapo. Lakini kijana wa Makongeni hamsemeshi bibi yake kwa Sheng ya kituo cha matatu. Huamkia, hushusha sauti, huchagua maneno. Elimu hiyo anayo, ila hajaambiwa kuwa ni elimu.

Wapinzani watasema kwamba Kikorea hakina ngeli, na kwamba kitenzi chake hukaa mwisho wa sentensi. Ni kweli; lakini Kiingereza nacho hakikiweki huko. Watasema pia kwamba Mkorea hutofautisha k za namna tatu. Hapo sote tuna kazi, ingawa Mmvita wa Mombasa, atenganishaye paa wa nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu, angetangulia mbele yetu.

Ubaya zaidi ni kuandika Kikorea kwa herufi za Kizungu. Mwanafunzi huona "Seoul" akatamka e kisha o, ilhali hizo mbili ni irabu moja. Herufi za Kikorea, Hangeul, za msingi ni 24 tu, na mtu mwenye bidii huzijua kwa siku chache. Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, ili raia wasiojua maandishi ya Kichina waandike maneno yao wenyewe. Mwanachuoni Choe Manri alimpinga mwaka 1444, akidai kwamba kuacha maandishi ya Kichina ni kujishusha kuwa washenzi. Je, hoja hiyo si ile ile tunayoisikia Nairobi, Kiswahili kinapotakiwa kufundishia jambo zito?

Katika Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni hufundisha Kiswahili, na Wakorea wana vitabu vya Kiswahili vilivyoelezwa kwa Kikorea. Hawakuona haja ya kuazima ngazi ya jirani. Kijana wa Buruburu na aanze leo kwa daftari moja: upande mmoja Hangeul, upande wa pili Kiswahili, na walimu wake wamwachie.