Kabla Hujaacha Kazi Ukaishi Kwenye Yoti

Siku hizi nikifungua simu usiku lazima nikutane na ile video. Wazungu wawili juu ya boti la matanga, maji ya kijani kibichi, kisiwa kwa nyuma, dada anakata embe, jamaa anaruka baharini. Ukishuka kwa maoni unapata Wakenya wenzangu wamejaa: "Mungu usinisahau", "Naacha kazi Jumatatu." Sasa wacha niseme langu na mnikasirikie mkitaka. Hiyo video imeacha nje vitu viwili vizito: kazi, na pasipoti.

Tuanze na kazi. Chukua visiwa vya mashariki mwa Karibi, mahali ambapo nyingi za video hizi hupigwa. Ukitoka Grenada kwenda kaskazini unapita Carriacou, Bequia, Saint Vincent, Saint Lucia, halafu Martinique. Vimepangana kama shanga, na upepo karibu mwaka mzima unatoka upande wa mashariki, kwa hivyo visiwa vingi unang'oa nanga asubuhi na jua halijatua umeshafika kinachofuata. Raha, si ndiyo? Lakini boti la kawaida la matanga huenda kama kilomita 10 kwa saa. Kwa mwendo huo, Nairobi mpaka Mombasa ni siku mbili, usiku na mchana, na wakati wote huo lazima mtu awe macho akiangalia meli, mawingu na kamba.

Ukishatia nanga ndiyo kwanza shughuli inaanza. Maji ya kunywa ni yale yaliyo kwenye tangi, au uwe na mashine ya kutoa chumvi, ambayo inakula umeme, ambao unatoka kwa sola, ambayo siku ya mawingu haikujui. Choo ni cha kupampu na kikiziba fundi ni wewe. Chumvi inakula kila chuma. Upepo ukibadilika saa nane usiku nanga inaweza kuanza kuburura, na utatoka kitandani na nguo za kulala kwenda kupigana na mnyororo kwa mvua. Kuna hesabu mabaharia wengi hupenda kutumia: kila mwaka tenga kama asilimia 10 ya bei ya boti kwa matengenezo peke yake. Hiyo bado hujala embe.

Hata wale mashuhuri wanalijua hili. Riley Whitelum na Elayna Carausu, wale Waaustralia wa chaneli ya La Vagabonde, ndio waliombeba Greta Thunberg kuvuka Atlantiki kutoka Virginia hadi Lisbon mwaka 2019. Safari ya wiki tatu hivi, katikati ya Novemba, na mtoto wao mchanga ndani. Watu waliokuwa wamekaa baharini miaka, na bado walimwita Nikki Henderson, nahodha wa kulipwa kutoka Uingereza, awasaidie. Mimi hapo ndipo niliwaheshimu. Na kamera pia ni kazi. Kuhariri video kwenye meza inayoyumba, halafu utafute intaneti ya kuipakia, muulize mtu yeyote anayefanya hii biashara hata kwenye meza iliyotulia.

Pasipoti sasa. Hivyo visiwa vinavyoonekana kama mtaa mmoja ni nchi tofauti. Ukifika unapandisha bendera ya manjano, maana yake bado hujagongewa muhuri, na nahodha anaenda na makaratasi kwa forodha na uhamiaji. Kisiwa kingine, mchezo ule ule. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa kabisa, wanatumia hata euro. Mwenye pasipoti ya Ulaya anashuka pale kama amefika nyumbani. Wewe na yako ya Kenya unahitaji viza, na viza, kama unavyojua, haijali upepo unavuma kutoka wapi. "Uhuru wa bahari" ninaousikia kwa hizo video una rangi ya kijitabu, hakuna anayetaja.

Halafu kuna wale watu wanaopita nyuma ya picha. Pale Saint Vincent na Saint Lucia vijana hukutana na yoti wakiwa na viboti vyao, wanauza matunda na samaki, wanasaidia kufunga kamba ufukweni wapate kitu kidogo. Kwenye video wanapata sekunde tatu. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou kikiwa daraja la 4. Wenye yoti wengine walikuwa wameshakimbilia Trinidad kusini, wengine wakaficha boti kwenye mikoko ya Tyrrel Bay, na nyingi ziliharibika humo humo. Nawahurumia, boti ndiyo ilikuwa nyumba yao. Lakini mwenyeji wa Carriacou hakuwa na nanga ya kung'oa. Nyumba nyingi mno zilibaki bila paa, na nyumba haikimbilii Trinidad.

Sisemi msiote. Oteni, lakini mnaanzia mbali sana. Kilifi hapo kwenye kijito cha bahari yoti za wageni hutia nanga kila mwaka. Ushelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 baharini, haikudai viza wewe Mkenya. Na kabla ya hizo zote kuna Lamu, ambako mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kusoma kaskazi na kusi kuliko nusu ya hao wenye chaneli. Wazee wa huko wamekaa kwenye majahazi kutoka kisiwa hadi kisiwa maisha yao yote, bila sola wala mashine ya maji, na sijaona hata video moja ya dakika ishirini ikionyesha wanavyopika, wanavyolala, wanavyokadiria njia gizani. Tunawapiga picha wakati wa machweo tu, kama mapambo ya likizo yetu. Tofauti na vijana wa Saint Lucia iko wapi?

Kwa hivyo kama uko Lamu, Faza au Kizingitini, una simu yenye kamera nzuri, na unamjua nahodha ambaye hatachoka na maswali, nitumie ujumbe. Nauli ya basi nimeshaanza kuweka.