Risala ya Wakazi wa Bungoma na Miteremko ya Mlima Elgon kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari za Maafa, 13 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, machifu, wazee wa mitaa, walimu na mafundi,

Tumekuja kusema juu ya tetemeko la ardhi mapema, tungali salama.

Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi ya Subukia, katika Bonde la Ufa, kwa zaidi ya kilomita 30. Wakati ule watu walikuwa wachache, na majengo pia. Tarehe 20 Machi 1966 ikawa zamu ya Toro, chini ya milima ya Ruwenzori nchini Uganda: watu zaidi ya 150 walikufa na maelfu ya nyumba yakabomoka. Septemba 2016 Bukoba, nchini Tanzania, nayo ikazika watu wake. Ardhi hutikisika, lakini kinachoua ni ukuta.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Nyumba na madarasa mengi yamejengwa kwa matofali yasiyofungwa kwa nguzo wala mkanda wa konkriti.
2. Watu wanazidi kujenga kwenye miteremko mikali. Machi 2010 mvua peke yake ilileta maporomoko yaliyozika vijiji vya Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu.
3. Watoto wetu hawajafundishwa la kufanya ardhi ikitikisika.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limekabidhi kaunti kazi ya kukabiliana na maafa. Kwa hivyo tunadai:

1. Kila shule na zahanati ikaguliwe na mhandisi, na matokeo yabandikwe mlangoni.
2. Mafundi wa vijijini wafunzwe bila malipo namna ya kufunga kuta.
3. Miteremko hatari ichorwe kwenye ramani, na wanaoishi huko wapewe ardhi mbadala kabla ya kuhamishwa.
4. Shule zifanye mazoezi ya kujiokoa kila muhula.
5. Bajeti ya maafa itenge fedha za kinga, na isomwe barazani.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 90, likitaja afisa atakayesimamia kila dai. Kazi hizi zikamilike kabla ya Januari 2028, tetemeko la Subukia litakapotimiza miaka 100. Mafundi wetu wako tayari kuanza mafunzo hata wiki ijayo.

Tunawasilisha kwa heshima.

Wakazi wa Bungoma na Mlima Elgon