Safari ya Saa Moja

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa barabara ni takriban kilometa 560, nayo ni kazi ya siku nzima au ya usiku kucha. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja hivi. Basi habari zilipotufikia kwamba mama mkwe amefariki huko Kibosho, na kwamba maziko yatakuwa Jumamosi saa nane mchana, nilivunja kibubu. Mama watoto alikuwa akinyonyesha, nami sikutaka akeshe kitini na kichanga mapajani. Shemeji zangu wao walipanda basi la usiku, maana tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, wakaniaga kwa kicheko: "Bwana mkubwa, tutakutana huko!"

Ndege yetu ilikuwa ya saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Saa moja tuliambiwa tusubiri kidogo. Saa tatu binti wa kaunta akasema ni sababu za kiufundi. Saa tano mwenzake akasema ni sababu za uendeshaji. Nilipouliza tofauti yake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake. Mtoto wetu wa miaka mitatu, ambaye tulimlipia kiti chake kamili, alilala sakafuni juu ya kanga. Maji ya moto ya uji yaliuzwa kwa bei ambayo sitaitaja, nisije nikamtia majonzi msomaji.

Mama watoto hakulalamika. Alikuwa akitazama saa ya ukutani tu.

Tuliruka saa saba u nusu. Wazee watakumbuka kwamba Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, kwa nia kubwa ya kuwaleta watalii karibu na mlima na mbuga za kaskazini. Uko kati ya Arusha na Moshi, kiasi cha kilometa 40 kabla ya kufika Moshi mjini, kisha ndipo uanze kupanda kwenda migombani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, tukaunda letu mwaka huo huo, na kwa miaka mingi tulikuwa na mmoja tu wa kumlaumu. Leo mashirika yameongezeka, na lawama imekosa mwenyewe.

Tulifika kihambani saa kumi na moja kasoro. Wanawake walikuwa wakiosha masufuria. Kaburi lilikwisha kufunikwa, na maua yameanza kusinyaa. Mama watoto alichukua udongo kiganjani, akakosa pa kuutupa, akaurudisha pale pale alipoutoa. Shemeji zangu hawakucheka tena.

Kwa Wachagga, mtu aliyemkosea mwenziwe huja na jani la isale mkononi, na aliyeletewa isale huona haya kumkatalia. Sisi tulipata ujumbe wa simu: "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Ulifika usiku, wakati wageni wakigawiwa mbege.

Nimeulizwa na wengi la kufanya. Dai sababu ya kuchelewa kwa maandishi ukiwa ungali kaunta, maana ukishaondoka kila mtu husahau. Tunza tiketi na karatasi ya kupandia. Andikia shirika kwanza. Wakinyamaza, lipo baraza la watumiaji chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kazi yake ni kusikiliza malalamiko kama haya. Mimi nimekwisha kuandika, barua ya kurasa mbili, na nakala ninayo.

Kurudi Dar tulipanda basi la usiku pamoja na shemeji. Kichanga kililala tangu Himo hadi Chalinze. Tiketi zetu za kurudia kwa ndege bado zimo mkobani. Nilipouliza fedha zangu, niliambiwa kwamba tiketi za aina ile hazirudishiwi.