Nidhamu ya Wajapani na Uvivu wa Hoja Zetu

"Daktari, sisi tumelaaniwa."

Maneno hayo niliambiwa asubuhi, kwenye jukwaa la kituo cha Umeda jijini Osaka, na rafiki yangu ambaye ni mtumishi wa umma wa ngazi isiyo ndogo. Tulikuwa watatu: yeye, mhandisi mmoja Mkenya tuliyesoma naye zamani, na mimi. Mkutano uliotupeleka huko ulikuwa umekwisha, tukabakiwa na siku moja ya kutembea. Treni ilifika kwa dakika iliyoandikwa. Watu walikuwa wamejipanga, wakawapisha wanaoshuka, wakaingia bila kusukumana. Rafiki yangu akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Hawa wamezaliwa na nidhamu. Sisi hata tukipewa treni ya dhahabu, tutang'oa viti."

Ndugu msomaji, kauli hii unaijua. Huletwa nyumbani kutoka kila ziara ya mafunzo, pamoja na chokoleti za uwanja wa ndege. Inajifanya unyenyekevu, kumbe kazi yake ni kumtoa mwenye mamlaka lawamani. Ikiwa kasoro imo katika damu ya wananchi, aliyekalia bajeti ana la kujibu gani?

Nilimwomba atazame jukwaa lenyewe. Njia hiyo ya treni, Midosuji, ilifunguliwa mwaka 1933. Treni za mwanzo zilikuwa na behewa moja tu, lakini majukwaa yalijengwa marefu kwa ajili ya treni za mabehewa mengi ambazo hazikuwapo bado. Hapo hapakuwa na damu wala kabila. Palikuwa na uamuzi, na mwamuzi ana jina: Seki Hajime, mwalimu wa uchumi aliyeacha chuo akawa naibu meya mwaka 1914, kisha meya kuanzia 1923. (Nakiri nilifurahi kulitaja hilo la ualimu kuliko ilivyostahili.) Juu ya reli hiyo aliipanua barabara ya Midosuji kutoka uchochoro wa takriban mita 6 hadi mita 44. Inasimuliwa kwamba wenyeji walimcheka wakiuliza kama anajenga uwanja wa ndege katikati ya mji. Seki alifariki mwaka 1935. Barabara ilikamilika 1937.

Tuliitembea hadi Shinsaibashi, chini ya miti ya ginko. Mhandisi aliuliza swali ambalo mtumishi wa umma hakuliuliza: fedha zilitoka wapi? Sehemu ya fedha ilitoka kwa wamiliki wa ardhi waliopakana na barabara. Hoja ya jiji ilikuwa nyepesi: barabara ya umma ikipandisha thamani ya kiwanja chako, sehemu ya faida hiyo irudi kwa umma. Wamiliki walilalamika sana, kama ambavyo matajiri wa popote wangelalamika. Tozo ikakusanywa.

Mchana tulikwenda kwenye ngome ya Osaka. Rafiki yangu akanong'ona kwamba hawa wametunza jengo kwa miaka mia nne. Ndani tukakuta lifti. Mnara ule ni wa zege, umejengwa upya mwaka 1931 kwa michango ya wakazi. Mnara wa zamani uliungua kwa radi mwaka 1665. Na sehemu kubwa ya michango hiyo ilijenga makao makuu ya divisheni ya jeshi, jengo ambalo bado limesimama hatua chache kutoka hapo. Kwa hiyo hata "utamaduni wao" ulikuwa na kamati, mchango na jenerali aliyedai fungu lake. Hilo nalo halikututia ugeni.

Wala sitaki wasomaji wangu vijana wadhani ninaisifu Japani kwa njia ya mzunguko. Nidhamu ile ina bei. Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki, jirani na Osaka, treni iliyochelewa kwa sekunde zipatazo 90 iliingia kwenye kona kwa kasi kupita kiasi, ikaacha reli na kugonga jengo la makazi. Walikufa watu 107, dereva akiwemo. Uchunguzi uligusa utaratibu wa kuwaadhibu madereva waliokosea kwa "mafunzo" ya kuwadhalilisha. Anayetamani kuleta kiboko kazini kwa kisingizio cha Japani aanze kwa kusoma habari ya asubuhi ile.

Jioni, baada ya taa za Shinsekai, niliwavusha hadi mtaa wa Kamagasaki. Hapo ndipo walipokusanyika vibarua wa kutwa waliojenga miji ya Japani, pamoja na Maonyesho ya Dunia ya 1970. Tuliwaona wazee wamekaa kando ya njia na mikokoteni yao. Mwaka 1961 mtaa huu ulilipuka kwa ghasia kutokana na jinsi polisi walivyoushughulikia mwili wa kibarua aliyegongwa na teksi, na ghasia za namna hiyo zilirudi mara nyingi hadi 2008. Wajapani hawa, waliorusha mawe kwa polisi, nao walizaliwa na nidhamu? Rafiki yangu alisema mji wowote una watukutu wake. Kumbe damu hubadilika ukivuka reli.

Tukiwa tunarudi, nilimuuliza ataandika nini katika ripoti ya safari. Akasema ataandika kuhusu nidhamu. Mapendekezo ya aina hiyo hayamgombanishi na mtu. Nikamuuliza kwa nini asiandike kuhusu tozo ya wamiliki wa ardhi. Akanyamaza vituo viwili. Ninajua ana viwanja kando ya barabara inayopanuliwa jijini kwetu, na bei imekwisha kupanda maradufu kabla lami haijamwagwa.

"Na chako je, Daktari?" akaniuliza hatimaye. "Si tulinunua pamoja?"

Mhandisi alicheka peke yake, kwa sauti iliyofanya behewa zima litugeukie.