Kabla ya Moto, Pimeni Choo



Dada yetu aliyeolewa Homa Bay ametuandikia kuwa tumbo humsokota kwa miezi kadhaa sasa, na choo kina damu na kamasi. Shoga yake wa Migori amemsifia tiba ya Kichina: majani makavu ya jamii ya pakanga husokotwa, yakawashwa na kusogezwa karibu na ngozi ya tumbo. Anauliza, je, yafaa kisheria, na je, atapona?

Katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) ametaja ponyo katika asali, kuumika na moto, kisha akaukatazia umma wake huo moto. Wanazuoni wengi wakauhesabu kuwa karaha. Ama joto lisilounguza ngozi, sisi hatulioni kuwa ndilo lililokatazwa.

Swali la pili ndilo zito. Anayeishi kando ya Ziwa Viktoria na kutokwa na damu chooni, asikimbilie kusema ni vidonda vya utumbo. Kichocho cha matumbo kimeenea huko. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya anayeteka maji, anayefua, hata anayetawadha ufukweni. Mayai ya minyoo yakinasa katika kuta za utumbo, huleta damu hiyo hiyo. Amiba nayo huleta. Moshi wa majani hauui mnyoo; prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa, huua. Basi, dada yetu, peleka choo kikapimwe, na kama una mimba mwambie daktari. Tunajua aibu ya kukitaja choo mbele ya watu. Aibu hiyo imewachelewesha wengi.

Maji ya kuogea na kutawadhia yawekwe siku mbili katika pipa lililofunikwa. Vijidudu vya kichocho vitakufa. Ya kunywa yachemshwe.

Ikiwa vipimo havikuonyesha mdudu, na daktari akaona vidonda katika utumbo mpana, hayo ni maradhi ya muda mrefu, hutulia na kurudi. Dawa zake haziachwi kwa sababu ya nafuu. Joto la majani laweza kuongezwa kwa kuliwaza tumbo, ila ushahidi wake bado ni dhaifu. Maumivu yakizidi, kula kidogo kidogo: uji laini, wali, ndizi mbivu. Pilipili iwekwe kando (sisi wa pwani tutanuna). Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni visimezwe ovyo, huchokoza utumbo. Homa, damu nyingi au tumbo kuvimba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na Ramadhani ikimkuta katika hali hiyo, ana ruhusa ya kula, akalipa apatapo afya. Wallahu aalam.